Meme za kosa dogo: nani ataandika maneno kwenye domino za katikati?

Mvua ikinyesha Makiso kwa saa mbili, mambo mawili yanatokea. Maji yanatoka katika mifereji na kupanda barabarani, na simu zinaanza kulia. Kabla mvua haijakatika, mtu amekwisha kupiga picha ya barabara iliyogeuka mto, ameandika juu yake maneno machache, na makundi ya WhatsApp kutoka Mangobo mpaka Kabondo yanacheka.

Picha hizo za kuchekesha zenye maneno, ambazo vijana wanaziita meme, ni za aina nyingi. Leo tunataka kuzungumza juu ya aina moja, ile ya kosa dogo linalozaa msiba mkubwa. Kila msomaji anaijua. Juu kuna mkono unaotupa kitu chini, na maneno: «Ni sashe moja tu, itafanya nini?» Chini kuna mtu wa toleka amebeba baiskeli yake begani, maji yamemfika magotini, na maneno: «Sashe imejibu.»

Duniani kote aina hii inajulikana kwa picha ya mtu anayesukuma domino ndogo kwa kidole. Nyuma ya ile ndogo imesimama nyingine kubwa kidogo, halafu nyingine, mpaka ya mwisho ambayo inampita mtu mwenyewe kwa urefu. Kwenye ya kwanza wanaandika kosa, kwenye ya mwisho wanaandika matokeo. Kwetu inaweza kuwa hivi. Ya kwanza: «Simu iko na asilimia kumi, lakini umeme utarudi sasa hivi.» Ya mwisho: «Bosi alipiga mara tano, kazi imepewa mwingine.» Au hivi. Ya kwanza: «Mwandishi wa kadi ya mpiga kura ameruka herufi moja.» Ya mwisho: «Miaka sita chuo kikuu, na diploma ni ya mtu asiyejulikana.» Au ile ya mapenzi. Ya kwanza: «Nimemjibu mama mkwe ‘ok’ tu.» Ya mwisho: «Kikao cha familia, pande zote mbili.»

Kuna wazee wanaosema kwamba vijana wa siku hizi wanapoteza mega kwa upuuzi. Sisi hatukubaliani nao. Meme za kosa dogo ni kazi nzuri, na tungependa zitengenezwe nyingi zaidi hapa Kisangani, kwa Kiswahili chetu. Lakini kuna jambo ndani yake linalotusumbua, na ni wakati wa kulisema.

Kicheko kinachofundisha

Tuanze na sifa. Tangu zamani mji huu umejaa mabango ya onyo. Usitupe takataka. Nawa mikono. Vaa jile ya kuelea kabla ya kuvuka mto. Mabango mengi yameandikwa kwa Kifaransa cha ofisini, na mama anayetoka sokoni na kilo kumi za mihogo kichwani hana muda wa kuyasoma. Meme moja ya sashe inamfikia katika simu ya mtoto wake, inamchekesha, na kesho yake anakumbuka. Mwaka 2025 kipindupindu kiliposumbua jimbo la Tshopo, wengi wetu tuliona jinsi habari ya kunawa mikono inavyosikilizwa zaidi ikiletwa na mtu anayechekesha kuliko ikiletwa na mtu anayekemea.

Tena, meme hizi zinasema kweli. Vitu vidogo vinaangusha vikubwa. Mwaka 1983 mwanafizikia Lorne Whitehead alionyesha kwamba domino moja inaweza kuangusha nyingine iliyo kubwa kuliko yenyewe mara moja na nusu. Piga hesabu. Ukizipanga 13, ile ya mwisho inaipita ya kwanza kwa urefu zaidi ya mara 100, na bado itaanguka kwa kusukumwa kidogo tu kwa ncha ya kidole.

Mwingine aliyeliona jambo hili ni Edward Lorenz, mtaalamu wa hali ya hewa wa Marekani. Mwaka 1961 alikuwa anarudia hesabu katika kompyuta yake. Badala ya kuandika 0.506127, aliandika 0.506, akidhani vipande vile vidogo havina kazi. Alienda kunywa kahawa. Aliporudi, hali ya hewa ambayo kompyuta ilikuwa imeitabiri haikufanana tena na ile ya kwanza. Kutokana na hapo ulikuja ule mfano wa kipepeo anayepiga mabawa Brazil na kuleta kimbunga Texas, ambao Lorenz aliutoa katika hotuba yake ya mwaka 1972. Mama anayeuza sombe sokoni angemwambia jambo hilohilo bila kompyuta, maana yeye anajua chumvi ikizidi kidogo tu, sufuria nzima imepotea.

Basi kijana anayeketi karibu na chuo kikuu cha Kisangani na simu yenye kioo kilichopasuka, akaandika mstari mmoja juu ya picha ya mfereji, anafanya kazi ya ualimu. Hatujamlipa. Angalau tumshukuru.

Mamba katika mfuko

Sasa tuje kwenye jambo linalotusumbua. Itazame tena ile picha ya domino. Ya kwanza ina maneno. Ya mwisho ina maneno. Zile za katikati hazina kitu. Zinasimama pale kimya, nne au tano, na hakuna anayeuliza ni za nani.

Kuna habari moja ya nchi yetu ambayo ulimwengu umeigeuza kichekesho kwa namna hiyo. Tarehe 25 Agosti 2010, ndege ndogo ya kampuni Filair ilianguka karibu na uwanja wa Bandundu. Ilikuwa na watu 21. Walikufa 20. Mmoja aliyeokoka alisimulia kwamba abiria alikuwa amemficha mamba katika mfuko wa kusafiria, mamba akatoka, watu wakakimbilia mbele kwa hofu, na ndege ikakosa usawa. Tangu siku hiyo habari hii inazunguka katika mtandao kila mwaka. Domino ya kwanza: mfuko. Ya mwisho: ndege chini. Na watu wa nchi za mbali wanacheka, wanasema, «Kongo bwana!»

Tukubali kwamba mambo yalikuwa jinsi yule mtu alivyosimulia. Hata hivyo, domino za katikati ziko wapi? Ni nani aliyeupokea mfuko ule bila kuufungua? Nani aliyepaswa kukagua mizigo? Kwa nini mtu wa kijijini katika nchi hii kubwa hana barabara wala treni, mpaka apande ndege ndogo na mali yake yote, hai na mfu? Maswali hayo hayatoshi katika picha moja, kwa hiyo yanaachwa. Anabaki mtu mmoja tu wa kuchekwa, na huyo ni marehemu.

Chukua msiba mwingine ulio karibu nasi zaidi, kwa sababu ni wa mto wetu. Katikati ya Aprili 2025, boti ya HB Kongolo iliwaka moto karibu na Mbandaka, katika jimbo la Equateur. Walikufa watu wengi, wanawake na watoto kati yao. Viongozi walieleza kwamba mwanamke mmoja alikuwa amewasha moto wa kupikia ndani ya boti, na mafuta yaliyokuwa karibu yakalipuka. Makaa kidogo, msiba mkubwa. Umbo lake ni umbo kamili la meme.

Lakini sisi wa Kisangani tunazijua boti za mto huu. Tunajua kwamba safari ya kwenda Mbandaka au Kinshasa ni ya siku nyingi, na watu lazima wale. Tunajua kwamba mafuta, mifuko ya mkaa, mbuzi na watoto wachanga wanalala mahali pamoja. Tunajua kwamba jile zinahesabiwa mbele ya mkaguzi na kupotea anapoondoka. Yule mama hakuchagua kupika karibu na mafuta kana kwamba kulikuwa na jiko lingine upande wa pili. Mtu mwingine alichagua kupakia mafuta na watu pamoja, na mwingine akachagua kuiacha boti iondoke. Hao ndio domino za katikati. Hawapigwi picha.

Dereva wa Sarajevo na wapagazi wetu

Mfano unaopendwa kuliko yote na watengenezaji wa meme duniani ni ule wa Sarajevo. Tarehe 28 Juni 1914 dereva wa mrithi wa ufalme wa Austria alikata kona isiyo sahihi, gari likasimama mbele ya kijana Gavrilo Princip mwenye bastola, na baada ya wiki chache Ulaya nzima ilikuwa vitani. Domino ya kwanza: «Kata kulia hapa.» Ya mwisho: vita vya dunia.

Vita hivyo vilitufikia na sisi. Tarehe 19 Septemba 1916 jeshi la Force publique liliingia Tabora, katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Nyuma ya askari walikuwa wapagazi, raia waliochukuliwa kwa nguvu kubeba risasi na unga, na wengi hawakurudi. Mtu wa pembeni mwa Lualaba alikufa kwa uchovu na kuhara kwa sababu ya kona iliyokatwa vibaya katika mji ambao hakuwahi kusikia jina lake. Meme ingesema hivyo, na isingekosea kabisa.

Lakini wanahistoria wanasema jambo ambalo meme inaliacha. Dereva alikata kona ile kwa sababu njia ya msafara ilikuwa imebadilishwa na hakuna aliyemwambia. Wakubwa waliketi, wakaamua, wakasahau kumjulisha mtu aliyeshika usukani. Na vita vyenyewe vilihitaji wafalme na majenerali waliokuwa wamejiandaa kwa miaka. Miaka zaidi ya mia imepita, na anayechekwa bado ni dereva.

Sisi wa mji huu tuna sababu ya pekee ya kuwa waangalifu hapa. Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya Kisangani kwa siku sita. Mabomu yalianguka juu ya nyumba, shule na makanisa, na raia wakazikwa pale walipoangukia. Tarehe 9 Februari 2022 mahakama ya kimataifa ya La Haye iliihukumu Uganda kulipa dola milioni 325 kwa madhara iliyoyafanya katika nchi yetu. Hakuna mtu wa Makiso aliyetupa sashe ikaleta vita vile. Kuna matokeo makubwa yanayotoka katika maamuzi makubwa, ya watu wakubwa, yaliyofanywa kwa makusudi. Mji ukizoea kuamini kwamba kila msiba umeletwa na uzembe wa mtu mdogo, siku moja utasahau namna ya kuwadai wakubwa.

Meme nayo ni domino

Kuna jambo la pili, na hili linamhusu anayetengeneza na anayetuma. Kubonyeza «tuma» ni uamuzi mdogo pia.

Tarehe 6 Januari 2026, katika kombe la Afrika huko Morocco, Leopards wetu walifungwa na Algeria bao moja kwa sifuri katika dakika za mwisho za nyongeza. Mchezaji wa Algeria Mohamed Amoura alimwiga yule shabiki wetu aliyesimama bila kutikisika katika kila mchezo, mkono juu, kama sanamu ya Lumumba. Alisimama vile, halafu akajiangusha chini. Ulikuwa utani wa sekunde chache. Nchi nzima iliumia. Na hapa Kisangani, ambako Lumumba alikuwa karani wa posta kabla ya kuwa jina la dunia, iliuma kwa namna yake. Baadaye kijana yule aliomba radhi, akaeleza kwamba hakujua ile ishara ilikuwa na maana gani. Tunamwamini. Ndivyo inavyokuwa mara nyingi. Mtu anacheka kitu asichokijua, na mwenye kitu anakijua sana.

Kama mgeni anaweza kutuumiza bila kujua, sisi kwa sisi tunaweza kuumizana zaidi. Tangu mwaka 2023, mzozo wa ardhi kati ya Wambole na Walengola ulioanzia Lubunga, ng'ambo ya mto, umeua watu, umechoma nyumba na kuwafukuza maelfu kutoka vijiji vyao. Katika mji wenye kidonda kama hicho, picha ya mtu aliyekosea ikiandikwa jina la kabila juu yake haihesabiwi tena kuwa meme. Ni kiberiti karibu na mafuta. Aliyeiandika atasema alikuwa anacheza. Domino ya mwisho haitamuuliza.

Vilevile kuna sheria. Kanuni ya mambo ya dijitali ya tarehe 13 Machi 2023, katika kifungu cha 360, inamwadhibu mtu anayeanzisha au kusambaza habari ya uongo dhidi ya mtu mwingine kwa mitandao: kifungo cha mwezi mmoja hadi sita, na faini ya faranga 500.000 hadi 1.000.000, au moja ya adhabu hizo. Msomaji aone vizuri neno «kusambaza». Anayetuma mbele yuko ndani pamoja na aliyetengeneza.

Hatuitaji sheria hii ili kuwatisha vijana. Tunaitaja pia kwa ajili ya wakubwa. Tumekwisha kuona jinsi mashtaka ya habari za uongo yanavyoweza kutumiwa juu ya watu wa habari. Mwandishi Stanis Bujakera alikamatwa Septemba 2023 mjini Kinshasa na kukaa gerezani miezi sita. Ikiwa mwandishi anayejulikana alipatwa na hayo, kijana wa Makiso aliyecheka shimo la barabarani mbele ya ofisi fulani atajitetea kwa nini? Habari ya uongo ni kumsingizia mtu jambo ambalo hakulifanya. Shimo lipo. Kulipiga picha na kuandika juu yake «Bwawa la samaki, kuingia ni bure» si uongo. Kiongozi anayechekwa kwa sababu ya shimo ana dawa iliyo rahisi kuliko polisi, nayo ni kulifukia.

Tunachoomba

Kwa wanaotengeneza meme, tunaomba mambo matatu. Kwanza, cheka kosa, usicheke maiti. Msiba ukiwa na watu ambao bado hawajazikwa, acha simu mfukoni. Pili, usitumie sura ya mtu bila ruhusa yake. Dada aliyeanguka katika matope sokoni ana watoto, na watoto wana wenzao shuleni. Mkono, mguu, kiatu kilichokwama katika tope vinatosha kabisa. Tatu, na hili ndilo kubwa kwetu, andika maneno kwenye domino za katikati.

Tujaribu na ile ya sashe. Picha ya kwanza: «Ni sashe moja tu.» Picha ya pili: pipa la takataka ambalo halipo. Ya tatu: mfereji ambao haujazibuliwa tangu kiangazi cha juzi. Ya nne: kodi ya soko ambayo mama analipa kila asubuhi, na hajui inakwenda wapi. Ya mwisho: maji magotini, baiskeli begani. Bado inachekesha. Na aliyetupa sashe bado ana aibu yake, kwa sababu alikosea kweli. Ila sasa hayuko peke yake katika picha.

Kwa wanaotuma, tunaomba dakika moja. Soma maneno mara ya pili. Jiulize kama ungeyatuma mtu huyo akiwa ameketi mbele yako, na mama yake pembeni.

Kwa viongozi wa mji na wa jimbo, tunaomba mzitazame meme hizi jinsi daktari anavyotazama joto la mgonjwa. Mtu mmoja akicheka mfereji, ni utani. Mji mzima ukicheka mfereji uleule kila mvua, hiyo ni ripoti ya kazi, na imeandikwa bila malipo na watu wanaoukanyaga kila siku.

Na kwa kila mmoja wetu: sashe ile uliyoishika mkononi sasa hivi, baada ya kumaliza maji yake, ipeleke nyumbani. Ndiyo, pipa halipo, na tutaendelea kulidai. Lakini mawingu yamekwisha kukusanyika juu ya mto.